Steringi Nani? Namna ya Kupanga Wahusika Wakuu, Wasaidizi na Majina ya Bangoni Katika Igizo la Muziki

Ingia kibanda umiza chochote cha Majengo au Pasua, hapa Moshi. Filamu haijafika dakika ya tano, mtu atauliza: "Steringi nani?" Akishaonyeshwa anatulia, kwa sababu anajua steringi hafi. Igizo la muziki halina huruma hiyo. Steringi anaweza kuuawa kabla ya mapumziko, msimulizi akaimba kuliko mwenye hadithi, na kabinti kenye wimbo mmoja tu kakaondoka na makofi yote ya ukumbi.

Hapo ndipo vikundi vyetu vinapogombana. Nafundisha kwaya na kuongoza maigizo ya nyimbo hapa Moshi, na ugomvi mzito kuliko yote niliyowahi kusuluhisha haukuhusu fedha. Ulihusu nani aandikwe juu. Nilichokuja kugundua ni kwamba watu hutumia neno "mkuu" kwa mambo matatu. Kuna mkuu wa hadithi, ambaye mambo yanamtokea. Kuna mkuu wa jukwaa, aliyebeba nyimbo na dakika. Halafu kuna mkuu wa bango, ambaye jina lake linauza tiketi. Mara mojamoja wote watatu ni mtu mmoja. Mara nyingi sivyo. Wapange mmoja mmoja, kwa mpangilio huo huo niliowataja. Ukianza na bango utamalizia kwenye kikao cha wazee.

Hatua ya 1: Mtafute mkuu wa hadithi

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Tuseme kikundi chako kinatunga igizo kuhusu Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi ambaye Wajerumani walimnyonga mtini hapo hapo tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Kila mtu atakwambia mhusika mkuu ni Meli, hakuna la kujadili. Subiri kwanza. Kaa na muswada na kalamu, ujiulize maswali mawili: nani anataka jambo tangu mwanzo, na nani amebadilika pazia linapofungwa?

Kama muswada unamfuata Meli tangu alipoketi kwenye kiti cha baba yake Rindi hadi chini ya ule mti, basi ni yeye. Lakini mtunzi akiwa ameanzia kwa mjane anayekataa kuondoka mtini, na Meli tunamwona tu kila mjane anapokumbuka, mkuu wa hadithi ni mjane. Meli amekuwa msaidizi ndani ya igizo lenye jina lake. Tena kuna Marealle wa Marangu, aliyekuwa mshindani wake. Huyo ukimpa kazi ya kusimulia, ghafla ana maneno mengi kuliko wote.

Jambo hili lina mifano mikubwa. Katika Hamilton, igizo lililochezwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo kule New York, mwenye hadithi ni Alexander Hamilton, lakini anayetusimulia ni Aaron Burr, mtu aliyemuua. Kwenye Tuzo za Tony, tuzo kubwa za maigizo ya Broadway, za mwaka 2016 wote wawili waliwekwa kundi la waigizaji wakuu. Aliyeshinda ni Leslie Odom Jr., aliyecheza Burr. Lin-Manuel Miranda, aliyecheza Hamilton na kulitunga igizo lenyewe, alikaa akampigia makofi.

Yale makundi ya darasani, yaani mhusika mkuu, wasaidizi na wajenzi, yanafaa kuanzia. Yana upungufu mmoja tu: yalitengenezwa kwa kitabu, na kitabu hakiimbi.

Hatua ya 2: Hesabu nyimbo, kisha angalia zilipokaa

Chora safu tano kwenye daftari: jina la mhusika, nyimbo anazoimba peke yake, nyimbo za wawili au watatu, nyimbo za kundi, na dakika anazokaa jukwaani hata akiwa kimya. Usikadirie. Soma muswada kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Nimewahi kuona mhusika ambaye kila mtu alimwita mdogo, kumbe anakaa jukwaani dakika 70 akifua nguo pembeni. Huyo si mdogo hata kidogo. Ukimpa mtu mvivu wa kukaa ndani ya uhusika, onyesho zima linachakaa.

Hesabu peke yake haitoshi, kwa kuwa nyimbo zina vyeo kulingana na mahali zilipo. Tatu zinatawala. Wa kwanza huja mapema, mhusika akituambia anachokitamani. Ukumbi ukishamsikia umekuwa upande wake. Wa pili hufunga nusu ya kwanza na kuwafanya watu warudi kutoka kununua soda. Wa tatu hukaa karibu na mwisho, mtu anapofikia uamuzi au anapovunjika kabisa. Wamarekani wanauita huu wa tatu "wimbo wa saa kumi na moja", kwa saa yao. Kwetu ni saa tano usiku. Zamani maonyesho ya Broadway yalianza saa mbili na nusu usiku, hivyo wimbo huo ulikuwa ukiangukia hapo. Moshi saa tano usiku ukumbi wako utabaki na walinzi tu, maana watu wa Machame na Marangu wanawaza Hiace ya kurudia. Sisi huanza saa tisa alasiri. Fanya hesabu: wimbo ule unafika saa kumi na moja, ya Kiswahili safi. Mimi naona jina limetufaa sisi kuliko wenyewe.

Kanuni yangu ni hii: mwenye nyimbo mbili kati ya hizo tatu ndiye mkuu wa jukwaa, hata kama hadithi si yake. Mwenye mmoja ni msaidizi mzito. Asiye na hata mmoja anaweza kuwa kipenzi cha watu, lakini asiandikwe kama mkuu.

Na usiongeze wimbo ili kumbembeleza mtu. Wimbo wa kubembeleza hula dakika nne, na ukumbi huujua mara moja.

Hatua ya 3: Usaili

Hapa kwaya zetu zinatuponza. Tumezoea kwamba anayeimba solo kila Jumapili ndiye anayejua kuimba, na kwamba shujaa wa kike lazima awe sauti ya kwanza. Futa yote mawili kichwani. Wape wote ubeti mmoja, ule ule. Waimbe mara ya kwanza wamesimama. Mara ya pili waimbe wakitembea na ndoo ya maji. Mara ya tatu waimbe baada ya kuzunguka ukumbi mbio, bila maiki, maana umeme utakatika na siku utakayokatika hutaichagua wewe. Kwa nafasi ya mkuu unatafuta pumzi ya saa mbili na nusu, kwa siku tatu mfululizo. Sauti nzuri inayokauka Jumamosi usiku haikusaidii Jumapili.

Kumpata msaidizi ni kazi ngumu zaidi, na wengi hawaamini nikisema hivyo. Mkuu ana jioni nzima ya kupendwa. Akiharibu wimbo wa kwanza atajirekebisha kwenye wa tatu. Msaidizi ana dakika sita. Anaingia hakuna anayemjua, anaimba, anatoka, na lazima tumkumbuke. Kwa hiyo kwenye usaili wake usimwulize habari za nyumbani wala usimpe muda wa kukohoa. Mwambie aingie mlangoni akiimba. Kama umesahau kuandika alama kwa sababu ulikuwa unamtazama, umempata.

Kisha mpime kwa kunyamaza. Mwekee mtu mwingine aimbe, yeye asikilize tu. Wanakwaya tumefundishwa kuyumba pamoja, mguu mmoja, bega moja, na mazoea hayo hayatoki kirahisi. Msaidizi anayeyumba wakati mkuu anaimba huzuni yake anageuza msiba kuwa Jumapili ya mavuno.

Suala la umri nalo lina adabu yake. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kwenye kundi letu, mbele ya kwaya tangu mimi sijazaliwa kimuziki. Nilimpa nafasi ya mama wa shujaa. Alinisubiri nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Miaka yote naimba mbele, leo umenipeleka nyuma ya katoto?"

"Mama yangu, nyuma hujaenda. Binti atatembea na hadithi, lakini wimbo wa saa kumi na moja ni wako. Yeye atakuwa amepiga magoti, wewe umesimama."

Akanyamaza kidogo. "Nitavaa nini?"

Nikajua tumeshamaliza. Jambo la kujifunza hapo ni la kiutendaji: ukimpelekea mtu mzima habari ya nafasi ndogo, usiitangaze kwenye kundi la WhatsApp. Nenda mwenyewe, na umweleze anacho nini, kabla hajaambiwa na wengine amekosa nini.

Hatua ya 4: Mbadala na kiraka

Kila mkuu awe na mbadala wake aliyefanya mazoezi kamili, tena na maleba yanayomtosha. Mbali na huyo, tafuta mtu mmoja mwenye kichwa chepesi ajifunze nafasi nyingi za kundi, kama mchezaji kiraka wa mpira anayeweza kucheza beki leo na kiungo kesho. Kwenye maonyesho makubwa ya nchi za nje watu hawa hulipwa kwa kazi hiyo tu. Kwetu hulipwa kwa kuandikwa, kwa hiyo waandike. Siku mbadala anapopanda jukwaani, weka karatasi mlangoni au tangaza kabla ya pazia. Watazamaji wana haki ya kumjua wanayemtazama.

Hatua ya 5: Sasa njoo kwenye bango

Bango lina mstari mmoja unaoamua kila kitu: jina la igizo lenyewe. Kuna watu wanaoandikwa juu ya mstari huo na wanaoandikwa chini yake. Broadway jambo hili ni zito kiasi kwamba Tuzo za Tony huligeuza kuwa sheria. Aliyeandikwa juu ya jina la igizo siku ya ufunguzi huhesabiwa mkuu, aliye chini huhesabiwa msaidizi, isipokuwa kamati yao iamue vinginevyo. Hawaanzi na nyimbo wala dakika. Wanaanza na bango.

Matokeo yake huwa ya kuchekesha. Mwaka 1967 Joel Grey alishinda tuzo ya msaidizi kwa kucheza mshereheshaji wa klabu katika Cabaret. Mwaka 1998 igizo likarudishwa na Alan Cumming akashinda kwa nafasi ile ile, safari hii kama mwigizaji mkuu. Na yule Sarafina wa Afrika Kusini? Leleti Khumalo alibeba nafasi yenye jina la igizo, na Sarafina! ilipofika Broadway mwaka 1988 alipendekezwa kwenye kundi la wasaidizi. Nikiwaeleza vijana wangu hili, wanaguna. Mimi huwaambia waangalie faida yake: kuitwa msaidizi hakukumpunguzia hata noti moja ya muziki.

Lakini jina la juu si pambo. Ni ahadi kwa mnunuzi wa tiketi. Broadway nyota aliye juu ya jina la igizo asipotokea, watazamaji huweza kuomba kurudishiwa fedha au kubadilishiwa siku. Akikosekana wa chini, mbadala anaingia na onyesho linaendelea. Jiulize swali hilo kabla hujamwandika mtu juu: akiugua malaria Ijumaa, niko tayari kurudisha fedha? Kama jibu ni hapana, mshushe chini.

Niliwahi kukosea hapo. Tulimwalika mwimbaji wa nyimbo za injili, mtu mwenye jina, aimbe nyimbo mbili tu ndani ya igizo letu. Tukampiga picha, tukamweka juu peke yake, akajaza nusu ya bango. Ukumbi ulijaa kweli. Saa moja na nusu ikapita hajaonekana, na watu wakaanza kumuita kwa jina wakati binti wetu, aliyebeba nyimbo tisa, anaimba. Walipomwona hatimaye walishangilia, wengine wakaondoka alipomaliza. Binti alicheza dakika arobaini za mwisho mbele ya viti vinavyobaki vitupu. Mgeni hakuwa na kosa lolote; bango ndilo lililodanganya, na bango nilikuwa nimelipitisha mimi.

Kwa mgeni wa namna hiyo kuna neno dogo lenye heshima kubwa: "na". Orodhesha wenzake wote chini ya jina la igizo, ruka mstari, kisha "na" fulani, ukipenda ndani ya kisanduku. Nafasi ya mwisho iliyotengwa husomwa kama ya kwanza. Anaonekana, na hakuna anayedhani ataimba jioni nzima.

Kama kikundi chako ni kichanga, ushauri wangu ni usimweke mtu yeyote juu ya jina la igizo. The Lion King, ambayo imejaa Kiswahili chetu tangu Simba hadi Rafiki, ilifunguliwa Broadway mwaka 1997 bila jina la nyota juu. Waliopendekezwa kwa uigizaji mwaka uliofuata, aliyecheza Mufasa na aliyecheza Rafiki, wote walikuwa kundi la wasaidizi. Igizo lenyewe ndilo lililouzwa.

Mpangilio wa walio chini una njia kadhaa. Kwa kufuata uzito wa nafasi ndiyo njia ya kawaida. Kwa kufuata anayetangulia kuonekana jukwaani ni salama, ila mlinzi wa mlangoni anaweza kuwa wa kwanza. Kwa alfabeti watu hudhani ndiyo haki kabisa, mpaka ujaribu hapa Kilimanjaro ukitumia majina ya ukoo: Massawe, Minja, Mosha, Mrema, Mushi, wote wamesongamana katikati, na Urassa analalamika kila mwaka. Arusha ukiwa na kina Laizer na Mollel hali ni ile ile. Ukichagua alfabeti tumia jina la kwanza, na uandike chini kabisa kwamba umefuata alfabeti.

Na wakuu wawili wasiokubali kushuka? Watu wa filamu walishalitatua. Kwenye The Towering Inferno ya mwaka 1974, Steve McQueen aliandikwa kushoto lakini chini kidogo, Paul Newman kulia lakini juu kidogo. Anayesoma kutoka kushoto anaanza na mmoja, anayesoma kutoka juu anaanza na mwingine. Nimeitumia mbinu hiyo mara moja. Wote wawili walinishukuru faraghani, kila mmoja akiamini ameshinda.

Limebaki tatizo letu wenyewe ambalo Broadway hawalijui: mgeni rasmi. Picha yake huja kubwa kuliko ya mwigizaji yeyote, na vyeo vyake vitatu mbele. Mheshimu, lakini mpe mstari wake chini, karibu na tarehe na kiingilio, bila picha. Kwenye bango la igizo picha ni ahadi ya kuimba.

Mwisho wa hatua hii, punguza bango liwe dogo kama litakavyoonekana kwenye simu. Watu wengi hawataliona ukutani pale stendi. Wataliona kwenye hadhi ya WhatsApp. Majina yasiyosomeka hapo hayajaandikwa.

Hatua ya 6: Andikianeni

Ukurasa mmoja unatosha, kabla ya kwenda kwa mchapaji. Uandike jina litakavyosomeka, cheo kama kipo ("Mwalimu", "Mama", "Mchungaji"), liko juu au chini ya jina la igizo, la ngapi, na ukubwa wa herufi. Ukubwa upime kwa kulinganisha na herufi za jina la igizo, kama wanavyofanya wenzetu: nusu yake, robo yake. Ukisema "kubwa", kila mtu ana kubwa yake. Malipo yakae kifungu tofauti. Kuna atakayepokea nauli tu ilimradi jina lake lionekane, na kuna atakayeficha jina ilimradi alipwe. Usimlazimishe yeyote kuwa mwenzake. Mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki msiwasahau. Majina yao si hisani yenu, sheria ya hakimiliki inawatambua.

Hatua ya 7: Redio, MC na salamu za mwisho

Kwenye redio hakuna herufi kubwa. Anayetajwa kwanza na anayetajwa mwisho ndio wanaobaki masikioni, kwa hiyo mpe mtangazaji karatasi iliyoandikwa neno kwa neno. MC naye mpe karatasi, kisha mnyang'anye maiki mapema. MC wa harusi akiachiwa ataita "nyota wetu wa leo" yule anayemfahamu.

Salamu za mwisho zipangeni na kuzifanyia mazoezi kama wimbo. Kundi zima liinamie ukumbi kwanza, halafu wasaidizi wadogo, wasaidizi wazito, na mkuu wa jukwaa mwisho peke yake. Kisha wote washikane mikono na kuwaonyesha wapiga ala. Hotuba ya mgeni rasmi ije baada ya hapo, waigizaji wakiwa wameshaenda kunywa maji.

Ikitokea mkapata mwaliko wa kulirudia igizo Arusha, msibebe bango la zamani kama lilivyo. Watu hupanda. Yul Brynner alianza The King and I mwaka 1951 chini ya Gertrude Lawrence, nyota wa onyesho, na tuzo yake ya Tony ya mwaka 1952 ilikuwa ya msaidizi. Baadaye alikuja kuwa yeye ndiye sababu ya watu kununua tiketi, akaicheza nafasi hiyo zaidi ya mara 4,000. Kwa hiyo kabla hamjavuka mto Kikafu kuelekea huko, fungueni upya ule ukurasa wa hatua ya 6, mrudie hesabu ya hatua ya 2 kama nyimbo zimebadilika, na mlipie bango jingine. La kwanza mpeni yule binti. Letu lilitundikwa sebuleni kwao, likiwa limekunjwa katikati ili sehemu ya juu, yenye picha ya mgeni, isionekane.